Do ya Mama Kengele

Enzi zake, Mama Kengele alipoimba sauti ya kwanza, majogoo wa mtaa mzima waliomba likizo. Kuna siku aliishika do ya juu akaing'ang'ania mpaka maziwa yakachemka jikoni bila moto. Anayebisha akaulize sufuria. Mumewe, fundi cherehani aliyefundisha kwaya, alimwoa kwa ajili ya noti hiyo moja, wala hakuficha. "Uso niliuona baadaye," alikuwa akiwaambia watu, na mkewe anamrushia kipande cha kitambaa.

Fundi mwenyewe walimwita Mwalimu Vifungo. Kila Jumamosi alasiri alisukuma meza ya kukatia nguo ukutani, akapanga mabenchi, akatundika shati kuukuu mbele ya darasa. Shati hilo ndilo lililokuwa ubao wake. Lilikuwa na vifungo vinane kutoka tumboni hadi shingoni: do, re, mi, fa, so, la, ti, na do nyingine pale juu. Vilipishana kwa nafasi sawa, isipokuwa mi na fa, halafu ti na ile do ya juu, ambavyo alivishona vimebanana kama watoto wanaolala kitanda kimoja. "Hapo ni nusu hatua," aliwaonya wanafunzi. "Ukipanda hatua nzima umetoboa shati." Mapigo aliyatoa kwa mguu kwenye kikanyagio cha cherehani, la kwanza zito, matatu ya nyuma mepesi. Na aliyedhani kimya ndani ya wimbo ni nafasi ya kukohoa alionja rula, kwani kimya nacho kina urefu wake na huhesabiwa kama sauti.

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la do. Do, alifundisha, haina nyumba yake. Ni mpangaji. Leo amehamia juu, kesho kahamia chini, na popote atakapotandika kitanda wenzake wote humfuata kwa umbali uleule, wimbo ukabaki wimbo. Hiyo ni kweli tupu. Na juu ya kweli hiyo ndipo fundi alipojenga uongo wake.

Mama Kengele alianza kuvimba koo. Kwanza punje, kisha kokwa. Daktari aliupapasa uvimbe, akamwambia arudi kila mwezi, ila sauti ikibadilika asingoje mwezi, aje siku hiyohiyo. Mama akarudi nyumbani ametulia. Vyombo vya daktari vya nini, na yeye ana kipimo chake? Siku atakayoshindwa do ya juu, alimwambia mumewe, ndiyo atajua anaumwa. Kabla ya hapo asisumbuliwe na mtu.

Siku hiyo haikuchelewa. Kwenye ubeti wa mwisho alipanda mpaka ti, akaigusa do, ikapasuka kama kikombe. Akacheka, akasema ni mafua. Kwaya nzima ikacheka naye. Fundi peke yake ndiye aliyeuona mkono wa mkewe ukienda kooni, ukabaki huko.

Jumamosi iliyofuata, alipotoa do ya kuanzia, na aliitoa kwa mdomo maana kinanda hawakuwa nacho, aliitoa nusu hatua chini. Nusu tu, upana wa uzi. Mkewe akapanda, akafika, akamgeukia macho yanameremeta.

"Si nilikwambia mafua?"

Fundi akasema ndiyo, mafua.

Kuanzia hapo akawa anaisikiliza ile noti kama mtu anayesikiliza paa linalovuja. Ikikaribia kupasuka, yeye keshashusha tena. Sauti ya kwanza ilistarehe. Taabu ilikuwa huku chini. Muuza nyama aliyeongoza besi, mtu ambaye hata akikohoa mchwa wanahama kwenye mbao, alilalamika kwamba ameimba mpaka kasalimiana na minyoo, mwezi ujao aletewe jembe. Mwalimu akamkumbusha kuwa do ni mpangaji, afunge mizigo amfuate. Mama Kengele alicheka kuliko wote. Hospitali akawa ameshaacha kwenda. Foleni ya nini, na do ya juu ipo?

Kisha akaja mpwa wa fundi, mtu mzima aliyesomea muziki, akawaletea kinanda kama zawadi. Akauliza wimbo wao mkubwa ni upi, akafungua karatasi, akaanza. Kwaya ikaingia pale ilipozoea. Loo, watu na kinanda viligongana kama wabeba magunia kwenye ujia mwembamba. Mpwa akaacha kupiga.

"Mjomba, karatasi inaweka do hapa," alisema kwa adabu, akabonyeza. "Nyinyi mko huku." Akashuka kibao kwa kibao, cheupe na cheusi, kila kibao nusu hatua, hadi cha tano.

Muuza nyama akasema, "Mimi nilisema," kisha akauona uso wa mwalimu, akainamia viatu vyake.

Mama Kengele hakuhitaji kufafanuliwa; yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza kufundishwa lile shati. Alimwomba mpwa ampe do ya karatasini, akaanza kupanda peke yake. Do, re, mi, fa, zote safi. So ikatetemeka. La ikatoka pumzi tupu. Ti hakuijaribu.

Wakarudi nyumbani. Mlangoni akamgeukia.

"Baba watoto, ulikuwa unangoja nini?"

Fundi akasema alitaka tu amwone anafurahi.

"Umenipima kwa tepu uliyoikata mwenyewe," mama akasema, akaingia ndani.

Hospitali, daktari aliuliza sauti ilianza kubadilika lini. Mama akamtazama mumewe, kwa kuwa jibu lilikuwa kwake. Fundi akalisema. Daktari akaeleza kuwa uvimbe umeshika pabaya. Watapasua, uhai wanaweza kuupata, sauti wasiitarajie.

Walipasua. Mama akarudi na bandeji shingoni na mnong'ono mahali pa sauti. Jumamosi moja akamfukuza mumewe nyumbani, aende akafundishe, kwaya si ya kwake peke yake. Akaenda. Akaitoa do pale karatasi inaposema. Muuza nyama akapumua kama aliyetolewa kisimani, ila hakufanya mzaha. Sauti ya kwanza sasa ilishikwa na binti wa saluni, na kwenye ubeti wa mwisho binti akapanda, akafika, akakaa pale juu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akawaruhusu kabla ya wakati.

Alimkuta mkewe kitandani, macho mlangoni.

"Yule binti," mama akanong'ona, "kaifikia?"

Uongo ulikuwepo ulimini, mdogo, nusu hatua tu.

"Kaifikia," fundi akasema. "Wala haikutetemeka."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akageukia ukutani, na fundi akakaa ukingoni mwa kitanda, hajui mikono aiweke wapi.