Sanduku Moja kwa Waandishi Wote

Nilirudi Iringa na diploma ya uhariri niliyoipata ng'ambo, na sioni haya kusema kwamba hakuna aliyenishika mkono. Baba alichunga mbuzi wa watu. Ada ya shule niliipata kwa kupasua kuni. Kwa hiyo, katika miaka ile ya sabini, nilipokabidhiwa gazeti la wakulima la kurasa chache tulizorudufu kwa stensili, nilijua nitalifanya kitu, na nikalifanya. Kabla yangu halikuvuka Mafinga. Mikononi mwangu lilisomwa mpaka Chunya, na wakulima wa tumbaku na wachimba dhahabu.

Waliolichangia walikuwa watu wa kujitolea: walimu, katekista mmoja, akina mama waliojifunza kuandika kwenye madarasa ya watu wazima. Mmoja akileta namna ya kuhifadhi mahindi, mwingine aliisahihisha katika toleo lililofuata, na kijiji chochote kiliruhusiwa kunakili na kuongeza lake.

Kilichonikera ni anwani. Huyu alitumia sanduku la misheni, yule duka la jirani, mwingine aliandika tu "mpe dereva wa lori la magunia." Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, na kila toleo lilikuja na majina ya mahali ambayo hata posta hawakuyajua. Nikaitisha mkutano, nikatangaza utaratibu: tangu siku hiyo, chini ya kila makala kutakuwa na jina la mwandishi na anwani moja tu, sanduku la gazeti, Iringa.

"Ndugu mhariri amerudi na tai," katekista akasema. "Hata anwani zetu zinamchafulia shati!"

Tulicheka wote, isipokuwa mama mmoja wa upande wa Madibira, aliyetuandikia habari za mpunga.

"Ndugu, mimi niachie kijiji changu," alisema.

"Kwa nini, dada?"

"Mdogo wangu yuko Chunya. Anahama shimo hadi shimo, hana pa kuandikiwa. Alituacha kijiji cha zamani. Akirudi leo atakuta magofu. Gazeti kule linafika. Akilisikia jina langu na mahali nilipo, atakuja. Mama anaumwa, kila siku anamuulizia."

"Atatuandikia sisi, nasi tutakuletea barua."

"Hajui kuandika, kaka. Anasomewa."

"Basi atatafuta wa kumwandikia. Utaratibu ukimwacha mtu mmoja, dada, si utaratibu tena."

Sentensi hiyo niliitoa ng'ambo, na siku ile niliiona nzuri sana. Wakanyoosha mikono kukubali. Yeye alinyoosha wa mwisho.

Makala yake ya kupandikiza mpunga ilitoka na jina lake, na chini yake sanduku letu. Gazeti likawa safi. Sifa zikafika Mbeya, nikaalikwa kwenda kuwafundisha wahariri wa huko jinsi ya kupanga anwani za wachangiaji. Nilikaa huko zaidi ya wiki, nikishangiliwa. Ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwangu, maana sikumwamini mtu mwingine kuushika.

Asubuhi baada ya kurudi nilikwenda posta. Karani alinichekea dirishani.

"Mhariri, mgeni wako huyo hapo. Kila siku tukifungua tunamkuta. Tunamwambia aende zake, anasema anamsubiri dada yake aje afungue sanduku lake."

Mwanamume mmoja alikuwa amechuchumaa chini ya safu za masanduku, vumbi limemganda mpaka kwenye nyusi. Nilipoingiza ufunguo, akasimama.

"Shikamoo. Dada yangu amekutuma?"

"Marahaba. Dada yako nani?"

Akanitajia jina. Mkono wangu ukabaki pale pale kwenye ufunguo.

"Sanduku hili ni la gazeti," nikamwambia. "Dada yako hakai Iringa. Yuko upande wa Madibira."

"Lakini nimesomewa. Jina lake, na chini yake Iringa. Nilimwambia msomaji arudie." Akatazama kile kimlango kidogo cha bati, kisha akanitazama mimi. "Madibira? Njia panda yake nimeipita. Basi lilisimama, nikanunua na mahindi ya kuchoma."

Njia panda hiyo nami nilikuwa nimeipita jana yake, nikitoka Mbeya.

Nilimpeleka mwenyewe hadi Ipogolo, kwenye barabara kuu, nikamtafutia lori, nikamweleza dereva mahali pa kumshusha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Gazeti lenu limenisaidia sana, mzee. Mama hajambo?"

"Anakusubiri," nikasema. Nilitaka iwe hivyo.

Mama yake alikuwa amezikwa wakati yeye bado amechuchumaa pale posta. Dada yake alinieleza alipokuja kwenye mkutano uliofuata, kwa sauti ile ile aliyozoea kutupa habari za mvua. "Alimuulizia mpaka mwisho," alisema, kisha akaketi mahali pake.

Siku hiyo hiyo niliufuta utaratibu wangu. Nikawaambia kila mtu aandike mahali pake halisi, liwe duka, misheni au lori la magunia. Katekista akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Ufunguo nikaukabidhi ofisini, auchukue yeyote anayekwenda posta.

Makala iliyofuata ya yule mama wa Madibira ilikuwa na jina lake, na chini yake sanduku la gazeti, Iringa. Nilidhani amesahau, nikamngoja mpaka alipokuja tena mjini.

"Dada, tulibadilisha. Andika kijiji chako."

"Nilisikia, ndugu. Lakini hii inatosha. Aliyekuwa ananitafuta ameshafika."

Akanikabidhi karatasi nyingine, habari za kuwafukuza ndege shambani. Mwishoni aliandika sanduku lile lile. Nilikuwa na kalamu mkononi, na kijiji chake nilikijua. Nikaipeleka kwa mpiga chapa kama alivyoiandika.