Abiria Tuliyemshusha Saint Petersburg

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi melini ilianzia kwenye basi, kutoka uwanja wa ndege wa Saint Petersburg hadi gati la mto Neva. Nilikuwa nimetoka wodini London, miaka mingi ya kusukuma troli za dawa, na kampuni ya utalii ilikuwa imeniajiri niwasindikize wazee wa Kiingereza hadi Moscow. Wao walitazama madaraja na makanisa. Mimi nilitazama miguu yao: nani anachechemea, nani anahema.

Daktari wa meli, mama wa Kirusi mwenye nywele fupi, alinikabidhi mafaili akiwa amesimama.

"Sista, kila abiria apimwe kabla hatujaondoka. Huko mbele ni maziwa na misitu. Asiyefaa kusafiri ashuke leo."

Nikaanza: presha, sukari, dawa alizobeba. Wa kumi na moja alikuwa Bwana Arthur, dereva wa treni mstaafu. Nilimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nikamsikiliza mgongoni, nikasikia maji mapafuni. Moyo ulikuwa unashindwa kazi yake.

"Usiandike hilo, Sista," alininong'oneza. "Joan alinisubiri nistaafu, kisha akanisubiri nipone goti. Safari hii nilimwahidi tulipooana."

Joan, mkewe, alikuwa juu sitahani akipiga picha. Nilimsikia akicheka. Nikaliweka faili la mumewe chini ya mengine, nikamwita anayefuata.

Saa nzima ilipita. Nilipotoka nilimkuta Bwana Arthur katikati ya ngazi, ameshika reli kwa mikono miwili, akijifanya anatazama mto. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Nikakimbia kwa daktari, nikamweleza nilichosikia mapafuni.

"Umejua tangu lini?" aliniuliza, huku akiinua simu kuita gari la wagonjwa.

"Tangu nilipompima. Saa nzima sasa."

Hakunifokea. "Basi nenda ukawaambie mwenyewe. Wote wawili."

Niliwaambia. Joan alimgeukia mumewe. "Arthur, ulikuwa unajua?" Arthur akainamisha kichwa. Joan akafunga kamera, akachukua koti la mumewe, wakashuka pamoja. Meli ikaondoka bila wao.

Tulipofika Moscow, daktari aliniita ofisini kwake. Bwana Arthur alikuwa amefariki hospitalini siku ya nne, mkewe kando yake. "Andika sasa," aliniambia, akinisogezea faili. "Na uandike saa uliyompima, si saa uliyoniambia."

Niliandika, nikasaini pia karatasi ya hospitali iliyokuwa ndani ya faili. Nilitegemea kufukuzwa, lakini aliniacha kazini, nami nikahudumu katika meli za mito mingine, chini ya madaktari wengine, hadi magoti yangu yenyewe yakakataa ngazi. Hakuna faili nililolificha tena.

Siku hizi niko Thornton Heath, kusini mwa London. Wauguzi wadogo kutoka nchi nilikozaliwa hunitembelea baada ya shifti, tunakunywa chai. Mmoja aliniuliza juzi, "Anti, ile saa moja ingemwokoa?"

Nilimjibu ukweli, kwamba sijui. Madaktari wa Petersburg walikuwa wanajua, na namba yao ya simu ilikuwa kwenye ile karatasi niliyoisaini Moscow. Ningeweza kuwapigia. Sikuwapigia siku ile, wala mwaka ule, wala katika miaka yote ya kazi iliyofuata. Niliogopa kwamba wangenijibu.