Njia ya Kwenda Shule ya Wanaosikia

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani nikasalimia kwa sauti kubwa, na hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Mkurugenzi, mama mmoja mpole aliyekuwa hapendi maneno mengi, akanisogelea. "Madamu Asha, huku sauti yako haina kazi. Piga mguu chini." Sakafu ya ukumbi ule tuliofundishia ilikuwa ya mbao. Nikapiga, mbao zikatetemeka, nyuso zote zikanigeukia. Ndivyo nilivyoanza kufundisha watoto viziwi hapa katika mtaa wa Buyenzi, vita vikiwa vimeshaingia mjini.

Mkurugenzi alinifundisha lugha ya alama, ile ya mikono na uso, na namna ya kusimama nuru iniangukie mdomoni, ili mtoto aweze kusoma midomo. Ila darasa letu lilikuwa halitoi cheti. Mtoto akikua tulimpeleka kwa fundi cherehani au kwa makanika, basi.

Kisha Wizara ikaleta mageuzi. Madarasa ya pekee kama letu yangefungwa kidogo kidogo, na watoto wangeingia shule za kawaida pamoja na mwalimu msindikizaji, yaani mwalimu anayekaa darasani na kuwageuzia masomo kwa alama. Inspekta wa shule alikuja mwenyewe kutuambia. "Na mtihani wa mwisho watafanya kama wenzao," alisema. Mkurugenzi alilia kwa furaha mbele yetu. Mimi nikachaguliwa kuwa msindikizaji, katika shule moja upande wa Mutanga Sud.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Sadiki, mtoto wa makanika mmoja jirani yetu. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na huko shuleni wenzake wanaosikia walianza kumwomba awaeleze. Lakini njiani kulikuwa na kizuizi cha askari, bariere kama tunavyosema. Asubuhi moja, mimi nikiwa nawasubiri shuleni, Sadiki alikipita salama. Askari mmoja akamwita asimame: "Hagarara!" Mtoto alikuwa ameshawapa mgongo. Akaendelea kutembea. Walimpiga risasi.

Baada ya mazishi wazazi waliwazuia watoto wote nyumbani. Inspekta akaitisha mkutano katika ukumbi wetu. "Tusimamishe mageuzi mpaka amani irudi," alisema, na hakuna aliyembishia. Ndipo Baba Sadiki akasimama mlangoni, hata viatu hajavua.

"Mi sikuje kulaumu mutu. Nauliza tu. Hawa wengine mutawafungia ku nyumba mpaka lini?"

"Baba, tunaogopa wasije wakafa wengine," Inspekta akamjibu.

"Mutoto wangu alipenda ile masomo. Madamu, twende ku bariere, tuongee na wale askari."

Tulikwenda watatu: yeye, mimi na Mkurugenzi. Mkubwa wa kizuizi alikuwa askari wa cheo cha ajida, amechoka macho. Alipojua aliyesimama mbele yake ni nani, alivua kofia. "Tulimuita sana, mzee. Hakugeuka. Nani angejua?"

"Sasa mutajua," Baba Sadiki alisema.

Akainama, akaokota bonge la udongo, akampa askari wa karibu. "Mi nitaenda, nitawapa mugongo. Usiite. Utupe mbele yangu, nione, kama mutoto asiyesikia."

Akatembea njia ileile. Udongo ukapita juu ya bega lake, ukapasukia mbele ya miguu yake. Akasimama, akainua mikono, akageuka polepole. Kisha akarudi, akampa bonge askari mwingine. Alifanya hivyo mpaka kila askari alipotupa. Mimi niliona shati lake limeloa mgongoni, nikataka kumwambia inatosha. Mkurugenzi akanishika mkono. Ajida alikuwa wa mwisho kutupa.

Watoto walirudi shuleni, sio wote. Nilikaa nao darasani miaka mingi, na wengine walifanya mtihani wakafaulu. Kizuizi kilipoondolewa, Baba Sadiki alikuwa ameshahamia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Habari za kizuizi na za mtihani nilimtumia kwa mtu.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huja kuniuliza juu ya alama, vitabu, na namna ya kupanga madawati. Nawaonyesha ninayojua. Lakini kwanza nawauliza kama wamekwenda kwa mtoto asubuhi, wakatoka naye mlangoni kwao, wakatembea naye kimya mpaka shuleni. Wengi hawajafanya hivyo. Nawaambia waanzie hapo.