Ndoo ya Maji Dukani kwa Laoban

Nakumbuka asubuhi moja kule Guangzhou, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipomvunjia heshima mzee wa watu kwa ndoo moja ya maji. Naona haya hata leo, na mvi zote hizi.

Shemeji yangu alikuwa mvuvi Mafia. Aliniomba nimtafutie chombo cha kuonyesha samaki, kidogo, chenye betri yake, maana ngalawa yake haikuwa na mashine. Nikakipata ghorofani, mtaa wa Xiaobei, katika kiduka cha mzee mmoja tuliyemwita Laoban, kama tulivyowaita wenye maduka wote. Boksi lilikuwa na picha ya mtu kavaa koti zito, kakaa juu ya ziwa lililoganda, anachungulia tundu alilotoboa kwenye barafu. Nilicheka. Barafu mimi niliijua ya kwenye glasi ya juisi tu. Lakini chombo cha kubebwa hadi juu ya barafu kingefaa vilevile kwenye ngalawa.

Sisi wafanyabiashara tulikuwa na desturi, na ni desturi nzuri: hununui kitu hujakijaribu. Redio unaiwasha, pasi unaichomeka. Basi nikaagiza ndoo ya maji. Laoban akaifunika ndoo kwa kiganja, akitikisa kichwa.

"Bu xing, pengyou. Haifai, rafiki." Alijua Kiswahili cha kuuzia, maneno kama ishirini hivi. Akaniashiria nje, mbali, mahali penye maji mengi.

Mimi nikaona anaogopa. Nikamwondoa mkono, mwanangu, mkono wa mtu wa umri wa baba yangu, nikatumbukiza kichwa cha kile chombo, kile chenye waya, ndani ya ndoo. Kioo kikapagawa. Mara kina mita arobaini, mara tatu, mara samaki wamejaa kwenye ndoo ya kudekia.

"Feki!" nikapiga kelele mlangoni. "Jamani, huyu anauza feki!"

Watu wakageuka. Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitu kwake wakaviacha mezani na kuondoka.

Laoban hakubishana. Alifunga duka, akachukua chombo, akanishika mkono hadi bustani moja yenye ziwa, si mbali. Tukakodi kimashua cha makasia. Akafunga mkono wa chuma uliokuja na chombo ukingoni mwa kimashua, akashusha kile kichwa mpaka kikaning'inia majini kikitazama chini wima, kama kwenye picha ya tundu la barafu. Akangoja kiache kubembea. Ndipo akawasha, akazungusha kitufe taratibu mpaka mstari mmoja wa chini ya ziwa ukatulia kwenye kioo. Kumbe kile kichwa hupeleka sauti chini na kuisikiliza ikirudi. Kwenye ndoo sauti hugonga kuta na kurudi ovyo. Kidoa kikapita juu ya mstari.

"Samaki," akasema Laoban, akacheka kwa furaha kabisa, kama vile sikumtenda kitu.

"Nisamehe, Laoban," nikasema. Akanipigapiga begani. Nikanunua chombo, nikaona yamekwisha.

Mchana ule nilimsimulia Mama Furaha, mfanyabiashara wa Uvira, Kongo, tukiwa tunakula. Nilidhani atacheka. Aliweka kijiko chini.

"Sikia, petit, mudogo yangu. Ulimutukana mbele ya batu bote. Unamuomba pardon mu mashua, munakuwa babili tu? Rudia kwa mulango wake. Useme kwa sauti ile ile."

"Nitakwenda kesho, Mama."

Kesho nilikuwa na mizigo soko la Guangyuan Xilu. Keshokutwa nikapata sababu nyingine. Ukweli ni kwamba nilishikwa na aibu. Kupaza sauti kumtukana mtu kulikuwa rahisi, kupaza sauti kumsafisha kukanishinda. Nikapanda ndege kurudi nyumbani.

Safari iliyofuata, miezi ikiwa imepita, nilikuwa napanda ngazi za jengo lile. Jamaa mmoja mgeni kutoka Dar akanisimamisha, kwa wema tu.

"Kaka, usihangaike kule juu. Duka la yule mzee ni la feki."

"Nani kakwambia?"

"Aa, kila mtu anajua."

Neno langu hilo, mwanangu, nilikuta linanisubiri ngazini. Nikaendelea kupanda. Nilipofika juu, Laoban alikuwa peke yake, na vumbi juu ya maboksi. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti: "Mimi ndiye niliyesema feki, na nilisema uongo! Vitu vya mzee huyu ni vizima!" Labda watu watano walisikia. Laoban hakuelewa nilichosema. Akanimiminia chai, nikainywa bila kuweza kumtazama usoni. Mwaka uliofuata kiduka kile kilikuwa kikiuza saa, na hakuna aliyejua mzee alikokwenda.

Basi, mwanangu, kitu usichokijua, mwache anayekijua akuonyeshe. Na ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, rudi mbele za watu hao hao, siku ile ile, kabla hawajatawanyika. Usingoje aibu iishe ndipo uende, mimi nilingoja. Mungu akupe ulimi mzito wa kulaumu na miguu myepesi ya kurudi. Na Laoban, popote alipo, Mungu amrudishie jina lake, maana mimi nilishindwa kumrudishia.