Bendera Zilizonyooka

Nianze na ukweli, nisije nikaonekana mnafiki huko mbele: nilimwonea wivu. Wala si ule wivu wa kusingizia kwamba mtu ana uchungu na kazi. Wivu wenyewe, wa roho ya kwanini, wa kumwangalia mwenzio anacheka na ukatamani ajing'ate ulimi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, darasa la watoto wa miaka mitano, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa katika shule hii. Naitwa Mwalimu Rula. Jina nilipewa na watoto wangu wa mwanzo kabisa, kwa sababu rula haitoki mfukoni mwa aproni yangu, wazazi wakalidaka, na siku hizi hata mkuu wa shule akinitafuta anauliza Rula yuko wapi. Silichukii jina hilo. Kunyoosha mstari ni kazi, na wanaoijua ni wachache.

Kilele cha mwaka wangu ni sikukuu ya uhuru. Wiki moja kabla, watoto wanatengeneza bendera za karatasi, moja moja, zenye vijiti, na siku yenyewe zinatundikwa kwenye ukuta wa mbele, ule unaotazama geti. Mzazi akiingia kuangalia gwaride la watoto, kitu cha kwanza kinachompokea ni bendera zangu. Miaka kumi na minane ukuta ule ulikuwa wangu peke yangu, na wa kubisha hakuwa amezaliwa.

Sasa niseme na namna yangu ya kazi, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Asubuhi watoto wanakata na kubandika. Mchana wanalala kwenye mikeka, na wakishakoroma mimi nakaa na mkasi. Nabandua, nakata upya, nabandika upya. Ule mstari mwembamba wa katikati, unaowatoa jasho hata watu wazima, naupima kwa rula. Wakiamka wanazikuta zote zimenyooka, huwezi kusema hii imepishana na ile hata kwa unywele. Hakuna mtoto aliyewahi kulalamika, na mimi nililihesabu hilo kuwa ni adabu.

Basi mwaka huu tukaletewa mwalimu mpya wa darasa la pili la chekechea, watoto wa umri uleule, mlango kwa mlango na langu. Binti mdogo, mwembamba, vidole havijawahi kutakata hata siku moja, leo vina buluu, kesho vina manjano. Hazikupita siku tatu watoto wakamwita Mwalimu Rangi. Darasani kwake kelele, karatasi sakafuni, gundi mpaka kwenye vitasa, na yeye katikati amekaa chini kama mmoja wao. Nilimpa mwezi mmoja. Miezi ikapita, na kila asubuhi watoto wake walikuwa wanamkimbilia getini, wangu wanatembea kwa mstari.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni mjukuu wangu.

Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mbali, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi tangu anatambaa. Kama bibi yeyote namwita mume wangu, na yeye akitaka kitu ananiita mke wangu. Utaratibu wa shule haumruhusu mtoto kusoma kwa ndugu yake, kwa hiyo akapangwa darasa lile la pili, kwa Mwalimu Rangi. Yaani nikaletewa mke mwenza uzeeni. Wakati wa kula ni Mwalimu Rangi kasema hivi, wakati wa kuoga ni Mwalimu Rangi kafanya vile. Jioni moja alikuwa anachora nyumba kwenye gazeti, ukuta mmoja umelala kabisa, nikamshika mkono nimsaidie. Akauchomoa.

"Bibi, usinishike. Mwalimu Rangi hatushiki mkono."

Hakusema mke wangu. Alisema bibi. Nikaondoka kwenda kuosha vyombo, na nadhani majirani wote walisikia vile vyombo vikioshwa.

Sikukuu ilipokaribia, mkuu wa shule akatuita wawili ofisini akatangaza kwamba mwaka huu ukuta wa mbele tutagawana nusu kwa nusu, na darasa litakalopendeza zaidi ndilo litakaloachiwa ukuta mzima kuanzia mwakani. Alisema huku ananitazama kwa huruma, na huruma ya mkuu haijawahi kumfaa mtu. Binti yule akaniambia, "Mwalimu, nitajifunza mengi kwako." Alisema kwa adabu kabisa, na nikamchukia zaidi.

Nilimchungulia wiki nzima. Alifundisha bendera kwa kuchana karatasi kwa mikono, bila mkasi. Rangi walipaka kwa kidole gumba. Mistari ya juu ilishuka chini, ya chini ikapanda juu, na ule mwembamba wa katikati ulizurura tu, kuna bendera moja ulitoka mpaka ukapanda kwenye kijiti. Nikasema moyoni, asante, ukuta ni wangu. Halafu nikawaona wazazi. Wanakuja kuchukua watoto, wanasimama dirishani kwake, mtoto anaonyesha kwa kidole, mzazi anacheka mpaka anashika mbavu, anamnyanyua mtoto wake juu. Mkuu mwenyewe akapita, akasimama, akacheka. Kwangu alipita akasema "safi" na kuendelea na safari. Miaka yote ameniambia "safi", na sikuwahi kujua kwamba kuna kitu zaidi ya hicho cha kupewa.

Siku moja kabla ya sikukuu, saa ya kulala, Mwalimu Rangi akaniomba nimwangalizie watoto wake, anatoka mara moja kununua kamba ya kutundikia. Nikamwambia nenda mwanangu, usiwe na haraka. Bendera zake ishirini na mbili zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu, zinakauka.

Nilijidanganya kwamba naokoa heshima ya bendera, maana bendera ni bendera, si kitambaa cha kupigia deki. Lakini sikuwa na nia hiyo. Nilitaka zifanane na zangu. Zikifanana na zangu, wazazi hawatakuwa na cha kuchekea dirishani, na kila mtu atasema binti amejifunza kwa Rula. Nikatoa mkasi.

Nilikata kingo zote. Nilibandua mistari iliyozurura nikaweka mipya, kwa rula. Palipokuwa na alama ya kidole gumba nikafunika kwa karatasi safi. Ile iliyopanda kwenye kijiti ilinipa tabu kuliko zote, ikabidi niikate nusu na kubadilisha hata kijiti chenyewe. Mkono wangu una kasi, sijisifu, na nilipomaliza ya mwisho watoto walikuwa bado hawajageuka ubavu. Makapi nikayatupa kwenye kapu la taka. Nikazitazama bendera ishirini na mbili zimenyooka, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu binti yule aingie getini.

Mwalimu Rangi akarudi na kamba yake, watoto wakaamka. Wakakimbilia mezani, kila mmoja achukue yake. Kisha wakasimama. Nilikuwa mlangoni na niliona wanavyosimama. Mmoja akachukua bendera, akaigeuza, akairudisha. Mwingine akachukua ileile, naye akairudisha. Mtoto aliyesimama mwisho wa meza akaanza kulia, na kilio cha chekechea mnakijua, akianza mmoja wameanza wote.

Mjukuu wangu hakulia. Alizunguka meza mara mbili, taratibu, mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba. Akauliza, "Yangu iko wapi?"

Mwalimu Rangi aliangalia meza, akaangalia kapu la taka, akaniangalia mimi. Alijua. Nikangoja aseme mbele ya watoto, na nilikuwa na majibu yangu tayari, makali. Akachuchumaa, akawaambia watoto kwamba bendera zao zimepata ajali kidogo, zitatengenezwa nyingine sasa hivi, na nani atamsaidia kuleta rangi. Hata kwa wema alinizidi, na hilo liliniuma kama yote mengine.

Nikaona nijiokoe kwa mume wangu angalau. Nikachukua bendera iliyokuwa nzuri kupita zote, nikamwinamia.

"Hii hapa yako, mume wangu. Tazama ilivyonyooka."

Alikuwa ameshaingiza mkono kapuni. Akatoa kijiti, kijiti kichafu chenye mstari wa rangi uliopanda mpaka juu, na alama ya kidole gumba kidogo karibu na ncha. Akakikumbatia kifuani. Akaitazama ile bendera niliyomshikia, hakukasirika wala nini, alikuwa ananielekeza tu, kama mtu anavyomrudishia mwenzie mwavuli aliousahau.

"Hiyo ni yako, Bibi," akasema.

Waliketi sakafuni wakatengeneza nyingine mpaka saa ya kwenda nyumbani, na zilitoka mbaya kuliko za kwanza. Zilitundikwa mbichi, zikachuruzika ukutani. Siku ya sikukuu wazazi walijaa upande ule, wakipiga picha. Upande wangu walipita, wakasema safi.

Kesho yake niliwahi shuleni kabla ya wote, kama kila mwaka, kuteremsha bendera. Nusu ya Mwalimu Rangi ilikuwa tupu. Zilibaki kamba na madoa ya rangi tu, kila mtoto alikuwa ameondoka na yake, na ya mume wangu ilikuwa nyumbani imebandikwa kichwani mwa kitanda chake, na nimekatazwa kuigusa. Nusu yangu ilikuwa imejaa. Bendera ishirini na nne, hakuna hata moja iliyopungua.

Nilizitoa moja moja nikazipeleka stoo, kwenye boksi ninakozihifadhi. Humo zimo za miaka yote. Nilikuwa najivunia boksi lile, nikisema watoto wangu wana heshima, hawang'oi vitu ukutani. Nikakaa juu ya kiti kibovu nikazitoa za zamani, nikajaribu kukumbuka hii ilikuwa ya nani na hii ya nani. Nimefundisha mamia ya watoto, wengine wana watoto wao sasa. Nikazigeuza mbele na nyuma, nikatafuta hata doa. Zote zilikuwa zangu.

Mkuu akachungulia mlangoni, akaniambia ukuta wa mwakani ni wa Mwalimu Rangi wote, nisijisikie vibaya. Nikamwambia nimesikia. Kutoka kule darasani kwake kelele zilikuwa zimeanza, na nikaitambua sauti ya mume wangu ikicheka kuliko zote. Wivu ulikuwepo bado, palepale, haujapungua hata kidogo. Nikaitoa rula mfukoni, nikaiweka juu ya boksi, na nikakaa pale kwenye kiti kibovu, sijui niende darasa lipi.