Mikunjo ya Shangazi Naomi

Nilipokuwa mtoto nilishika uchafu wa kila aina: mavi ya ng'ombe, kamasi za wadogo zangu, viwavi wa kabichi. Hakuna hata kimoja kilichonitia kinyaa kama kile kilichokuwa ndani ya kopo la Shangazi Naomi. Hata leo nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Shangazi, dada yake baba, alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, huku huku milimani Lushoto. Mumewe alifanya kazi Tanga, anapanda nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Mwaka nilipokuwa darasa la tatu, maneno yalimfikia Shangazi kwamba mume ana msichana huko, na uso wa msichana eti mwororo ajabu. Basi ikawa kioo asubuhi, kioo jioni. Hakuwa mzee. Ila jua la kwenye matuta ya karoti na moshi wa jikoni vilikuwa vimemchora mapema, pembeni mwa macho na kuzunguka mdomo. Mtu angemwambia avae kofia pana na atoboe dirisha jikoni, angemsaidia sana. Hakuna aliyemwambia.

Badala yake akashuka Mombo kwa mama mmoja muuza dawa, akarudi na gamba la nyoka. Wazee wetu waliamini nyoka hazeeki: akichakaa anajivua ngozi, anaiacha njiani, anaenda zake kijana. Kwa hiyo ukilipata gamba lake, ukalitwanga, ukalichanganya na mafuta ya kondoo na kuyafukia kwenye samadi mpaka yavunde, umepata dawa ya uso. Yavunde, nasema! Kuchacha tu hakutoshi.

Jumamosi moja mchana nilikuwa naruka kamba na Eliza, binti yake Shangazi, uani kwao. Tulikuwa rika moja. Shangazi akachungulia mlangoni.

"Wewe, mtoto wa kaka, hebu njoo unipake mafuta."

"Nije na Eliza?"

"Eliza mwache. Njoo wewe."

Nikaingia. Eliza akabaki anaruka peke yake.

Alipofungua kopo, lo! Ilikuwa harufu ya panya aliyefia darini, na ya beberu juu yake. Mafuta yalikuwa na rangi ya usaha, na vipande vya gamba vilielea humo kama maganda ya kitunguu. Nikaziba pua. Akanipiga kikofi cha mkono, akafumba macho, akanyoosha uso.

"Paka. Anzia katikati, vuta uje nje. Usirudishe ndani."

Nikapaka. Yalikuwa na uvuguvugu, yanavutika, yanaingia chini ya kucha. Vipande vya gamba viling'ang'ania vidole. Nilipofika chini ya macho, pale penye mikunjo mingi, nikasikia chakula kinapanda, nikakimeza tena. Yeye ametulia tu, kama mtu anayenyolewa.

"Sasa sikiliza," akasema nilipomaliza. "Usinawe mpaka kesho."

Nyumbani nilimkuta mama anapika na bibi, mama yake baba, anapukuchua maharage. Mama akageuka ghafla.

"Umeshika mzoga?"

Nikaeleza. Bibi akaacha maharage.

"Amekwambia usinawe?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akamgeukia mama, akazungumza naye kwa Kishambaa, taratibu, kama anayetaja msiba. Mikunjo ile haifi, alisema. Inahamia kwenye mkono uliopaka, kisha inampanda mwenye mkono mpaka usoni. Mpakaji anazeeka, mpakwa anarudi usichana. Na aliyekuwa akimsema hivyo ni binti yake wa kumzaa.

Mama alikuwa mwanakwaya, mambo ya namna hiyo alikuwa akiyacheka mchana kweupe. Siku ile hakucheka. Alinisugua mikono kwa majivu, kwa sabuni ya mche, kwa gunzi, mpaka ikawa myekundu, huku analia. Kisha akanikokota, maji yananichuruzika, mpaka kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, uso unang'aa, nzi wanamtua.

"Wifi, ulijua dawa hii inamfanya nini anayepaka?"

"Ni mambo ya wazee tu, wifi."

"Kama ni mambo ya wazee tu, mbona hukumwita Eliza?"

Eliza alikuwa pale pale, kamba mkononi. Shangazi alimtazama, akamvuta akamweka nyuma yake. Mama akatema mate chini, tukaondoka.

Wiki haikuisha uso wa Shangazi ukatoka malengelenge, na Krismasi ile alikwenda kanisani amejifunika kanga mpaka machoni. Watu walisema ni adhabu. Mimi nasema ni uvundo tu, ngozi haipakwi mzoga.

Mwezi uliopita binti mmoja wa duka la vipodozi pale Lushoto alinishika mkono, "Mama, una makunyanzi, chukua hii." Nikauliza imetengenezwa na nini. "Ute wa konokono." Ptuu! Akaniambia mjini kuna hata sindano ya paji la uso, ukichomwa hukunji tena hata ukikasirika. Sasa nikikasirika watu watajuaje? Nikamwachia krimu yake.

Kweli, makunyanzi ninayo, usoni na mikononi. Nimelima juani, nimepika kwenye moshi, nimeosha karoti kwenye maji ya baridi miaka na miaka. Simsingizii mtu.

Shangazi bado yu hai, mzee sana. Nikimwamkia ananijibu, "Marahaba, mwanangu," na neno hilo la mwisho linanichefua kuliko lile kopo. Watu wa nyumbani wananiambia nimsamehe, kwani alinifanya nini? Mikunjo haihami. Hilo nalijua vizuri, na mikono yangu haikupata hata kipele. Lakini Shangazi siku ile aliamini inahama. Aliamini kabisa, uani kuna watoto wawili, akaniita mimi.