Neno Lililomkaa Sairakan Mdomoni

Kijijini, juu kidogo ya mji wa Naryn, neno la Sairakan lilijulikana: uyat. Ni aibu, ndiyo, lakini aibu ya kufunika uso. Msichana akicheka kwa sauti mbele ya wazee, uyat. Mkamwana akiwapa wakwe mgongo, uyat. Mjane huyu alilitoa ovyo kama mtu mwenye mafua anavyopiga chafya.

Mwanawe alipomleta mkewe, Aizirek, kutoka Bishkek, neno likapata kazi. Na sasa lilizuka jambo zito: kila alasiri msichana alienda nyuma ya zizi na simu, akanong'ona. Akisikia hatua, kimya.

"Ni mwanamume huyo," alisema jirani yake Totuya, akijimegea mkate. "Mume yuko malishoni na kondoo, mke yuko zizini na simu! Huoni?"

"Usinitie presha, mwenzangu."

"Mrudishe kwao kabla ya karamu yako ya Ijumaa. Wageni wakiyasikia haya, uso utauficha wapi?"

Siku nne Sairakan alimchunguza. Mbona kitambaa kipya kichwani? Mbona macho mekundu? Hata tabasamu la msichana lilikuwa ushahidi. Mkamwana aliyerudishwa hubeba aibu hiyo maisha yake yote, na Sairakan alilijua hilo vizuri. Bado alianza kupanga maneno ya kumfukuzia.

Jumatano alimwacha Totuya kwenye chai, akanyata hadi zizini.

"Sema tena, mama," Aizirek alikuwa akilia kwenye simu. "Nyonga kwa bibi mzee kuliko wote. Na paja? Ijumaa mimi ndiye nitawagawia wanawake nyama. Nikimpa mtu mfupa usio wa cheo chake, nimekwisha. Siwezi kumuuliza mama mkwe. Nikifungua mdomo tu, ananiambia uyat."

Sairakan aliganda. Uso ulimwaka kwa aibu, na safari hii ilikuwa yake mwenyewe. Akarudi ndani.

"Enhe! Ni mwanamume?" Totuya aliuliza, macho yamemtoka.

Sairakan alichukua birika. Kwao mgeni humiminiwa chai kidogo kidogo, apate kuomba tena. Bakuli likijazwa, anaambiwa aende zake. Sairakan alilijaza la Totuya mpaka likamwagika.

"Wewe! Hii si uyat?"

"Ni uyat, shoga. Kunywa uende." Akapaza sauti dirishani: "Aizirek, mwanangu! Njoo nikuonyeshe paja ni la nani."